Mkalimani wa Sifa Zake Mwenyewe

Tangu mwaka juzi, kila Jumanne na Alhamisi, Atupele alikuwa anatoka nyumbani kwao Chapwa asubuhi, anakwenda zahanati, na jioni anarudi mikono mitupu. Bibi yake, Ketrina, alivumilia jambo hilo miaka miwili, na kwa bibi yule miaka miwili ni muujiza. Mwezi huu uvumilivu ukamwishia. Alimpigia simu mwanawe Gibson, mwenye duka la vipuri ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wakakubaliana kwamba Jumatatu binti anavuka. Akakae dukani, alale huko huko, aachane na kuzurura zahanati.

"Hata punda hupewa majani," Bibi alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jibu Atupele alikuwa nalo. Wazee wengi wanaofika zahanati ile wametoka vijiji vya Momba, Kiswahili chao ni cha salamu na bei ya dagaa. Manesi nao wametoka mikoa ya mbali, Kinamwanga hawakijui. Katikati yao alikaa Atupele kwenye kiti cha plastiki, akiyapeleka maneno huku na kuyarudisha kule. Siku ya kwanza Nesi Fausta alimpa masharti mawili: asipunguze wala kuongeza neno, na ya chumba kile yabaki mle mle. Sasa mweleze bibi yako ulichofanya leo, wakati kila ulichofanya ni siri ya mtu. Alikuwa akijibu tu, "Nimesaidia wagonjwa," na Bibi akadhani mtoto ameshinda anafagia.

Kwa hiyo kata ilipotangaza kwamba vijana wanaojitolea watapewa vyeti siku ya Ijumaa, Atupele aliona mlango umefunguka. Angempeleka Bibi, akasikie kwa masikio yake kutoka vinywa vya wakubwa. Hakutaka kwenda Nakonde hata kidogo, na baada ya Ijumaa hakukuwa na nafasi nyingine.

Jambo moja tu lilimpita, na lilimpita yeye, mkalimani mzima: sherehe za serikali huendeshwa kwa Kiswahili, na Bibi anajua Kinamwanga tu.

Mgeni rasmi alichelewa saa mbili, kama ada. Walipewa vyeti waliopanda miti, wakafuata waliozibua mitaro ya soko. Kisha Nesi Fausta akashika kipaza sauti, akaanza kumsifu Atupele, na alipoanza hakuwa na haraka ya kumaliza.

Bibi akamgusa mjukuu wake goti. "Anasema nini huyo?"

Hapo maji yakamfika shingoni. Fausta alikuwa anasema kwamba binti huyu ameokoa maisha ya watu, na kwamba nyumba iliyomlea inastahili heshima. Lakini kizuri chajiuza. Mtoto aliyelelewa vizuri atajipigiaje debe mbele ya bibi yake? Atupele akainamisha kichwa.

"Anasema nimewasaidia kidogo."

Fausta akaongea dakika tano nyingine.

"Na sasa?"

"Anasema asante."

Bibi akamtazama nesi, akamtazama mjukuu wake. "Maneno yote yale ni asante?" Akajifunga kitenge vizuri na kugeukia pembeni. Atupele alitamani kulia. Alikuwa amejipeleka Nakonde kwa mdomo wake mwenyewe.

Aliitwa, akapokea cheti, akapeana mkono na mgeni rasmi. Kabla hajashuka jukwaani, mwanamke mmoja akasimama nyuma bila kuitwa. Alikuwa Mama Joshua, jirani yao wa mtaa wa pili, na alichokuwa anasema alikisema kwa Kinamwanga, kwa sauti isiyohitaji spika.

"Mama anasema nini?" mgeni rasmi akauliza.

Watu wote wakamgeukia Atupele. Fausta akamkabidhi kipaza sauti na kubaki amemkazia macho. Hapakuwa na pa kukimbilia.

"Anasema alipewa vidonge vya presha," Atupele akaanza. "Akawa anameza siku kichwa kikiuma tu, kikipoa anavitunza, visiishe haraka. Ameanguka shambani mara mbili. Anasema kila nesi akimuuliza kama anameza dawa alijibu ndiyo, kwa sababu mtu wa serikali habishiwi." Watu wakacheka, na wazee ndio waliocheka zaidi. "Anasema ni huyu binti... ni mimi... nilimwambia nesi kwamba ndiyo ya wazee wetu ni ya heshima tu. Kisha nikapiga magoti, nikamuuliza upya, taratibu, kwa lugha ya mama yake, ndipo akasema ukweli. Anasema leo angekuwa kaburini." Uso ulikuwa unamwaka. "Na anasema aliyemlea binti huyu ajue kwamba amelea."

Makofi yakapigwa. Safari hii Bibi hakuhitaji kufasiriwa. Aliinuka polepole, akasubiri makofi yaishe, akasema maneno machache tu kwa Kinamwanga huku akimtazama mjukuu wake.

"Na huyu bibi anasema nini?" mgeni rasmi akauliza tena.

Atupele akafungua kinywa. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, maneno yalifika kwake yakakwama. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, na watu wakangoja.

Fausta, ambaye miaka yote hiyo alikuwa amekaa upande wa pili wa meza akisikiliza, akamsogelea na kuchukua kipaza sauti.

"Mimi Kinamwanga naokoteza tu," alisema. "Nikikosea mnisamehe. Nafikiri anasema Gibson atafute mtu mwingine wa dukani. Jumanne mjukuu wake yuko kazini."