Apolinaria Hali Karanga

Tangu mama yao afariki, kazi ya kukagua chakula cha Apolinaria ilikuwa ya Eustadia. Hakuna aliyemkabidhi. Ilimwangukia tu, kama mambo mengine ya nyumbani yanavyomwangukia mtoto wa kwanza. Wakialikwa mahali, yeye hupita kwanza jikoni. Mboga ikiletwa, yeye huonja kidogo, huiacha ulimini, halafu humtazama mdogo wake na kuinamisha kichwa: kula. Au hujikuna sikio: acha. Watu wa Itetemia waliwaona wakifanya hivyo mpaka wakazoea.

Apolinaria hakuweza kula karanga. Alipokuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea aliokota moja uani, wakati wa kupukuchua, akaitafuna. Midomo ikavimba, macho yakafumba, kifua kikawa kinavuta pumzi kwa mlio kama mvukuto wa mhunzi. Akapona. Shangazi yao mmoja akasema mtoto anadeka tu, akamtilia unga wa karanga kwenye uji ili aone kwa macho yake. Akaona. Mtoto alirudi kutoka mbali sana siku hiyo, na shangazi hakukanyaga tena pale.

Baada ya hapo mama yao aliacha kuwaeleza watu habari za kuvimba na kukosa pumzi, maana kila akieleza alitokea mmoja wa kutaka kujaribu. Akawa anasema neno moja: ni mwiko. Karanga ni mwiko kwa mtoto huyu, kwa upande wa babu yake. Pakatulia. Mtu akikuambia kwao hawali pundamilia, humuulizi pundamilia amemkosea nini. Majirani wakawa wanatenga chungu chake bila kunung'unika, naye Apolinaria akakua, akawa msichana wa kucheka kwa sauti na kuimba kanisani kuliko wenzake wote.

Mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, Apolinaria aliposwa. Raymundi alikuwa seremala mjini Tabora, wazazi wake wakulima wa kule Kipalapala, jirani na seminari. Posa ilipokelewa, kilichobaki kilikuwa ndoa kutangazwa kanisani. Siku moja Raymundi akatuma salamu kwamba dada wawili waje mjini wachague vitambaa, na wakimaliza atawalisha hotelini, Gongoni.

Walikwenda kwa miguu asubuhi. Njiani Apolinaria alimshika dada yake mkono.

"Dada, tukifika usianze."

"Nisianze nini?"

"Habari za kuvimba na kukoroma. Sema mwiko, basi. Kama mama."

"Kwani Raymundi hujamwambia?"

"Anajua ni mwiko. Ukisema ugonjwa, kwao watasema wameposa mgonjwa. Mama yake ameshawauliza shangazi zetu kama kwetu kuna kifafa. Leo unataka umpe la kushika?"

Eustadia aliendelea kutembea. Aliona hilo neno la mwiko limewatosha miaka yote, litawatosha na leo.

Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati, meza chache na mabenchi, na pazia la kitenge lililotenga jiko. Mlangoni mwanamke mmoja alikuwa akikaanga karanga za kuuza, moshi wake unaingia ndani wote. Mhudumu aliitwa Nassibu, mtu mzima mwenye mdomo usiopumzika.

"Karibuni, ndugu zangu! Hawa ndio wenyewe, Raymundi? Ndiyo maana leo umevaa viatu."

"Acha maneno, Nassibu. Kuna nini?"

"Kuna ugali. Kuna maharage, kuna kisamvu, na kuna nyama ya ng'ombe aliyestaafu. Ukiitaka uwe na meno na subira."

Apolinaria akacheka. Eustadia akauliza, "Kisamvu kina karanga?"

"Kisamvu bila karanga si majani ya mbuzi, dada?"

"Na maharage?"

"Mimi nabeba sahani, sipiki. Halafu hapa chakula ni cha ujamaa, vyote vinaishi pamoja. Ukichagua sana tutakuita bepari."

Wakacheka meza nzima, na watu wa meza ya pili wakacheka. Eustadia akainuka. Apolinaria alimvuta upindo wa kanga chini ya meza, lakini yeye alikwisha kuondoka. Mama yao aliwafundisha kwamba aliyebeba sahani hajui kitu. Aulizwe aliye kwenye moto.

Nyuma ya pazia alimkuta mwenye hoteli, Bi Mwanamkuu, mwanamke mnene wa makamo, ushungi umefungwa kisogoni, anakoroga ugali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Choo kiko kule nyuma."

"Sitafuti choo, mama. Nauliza chakula. Mdogo wangu hali karanga."

"Hazipendi?"

Hapo Eustadia alisita. Pazia lilikuwa jepesi. Alimsikia Raymundi akisimulia jambo, na kicheko cha Apolinaria juu yake. Maneno yalikuwa mdomoni: akila atakufa, mama. Yalikuwa mafupi, hata pumzi moja hayachukui. Lakini sauti ya kule ndani ilikuwa inasikika wazi, basi na ya huku jikoni ilisikika wazi vilevile.

"Ni mwiko kwake," alisema.

Bi Mwanamkuu akatua upawa. Uso wake ukalegea, ukawa wa heshima, kama mtu aliyeambiwa siri ya nyumbani.

"Aa. Wa kwa baba au wa kwa mama?"

"Wa kwa babu."

"Haya, nimekusikia. Nitampa maharage."

"Hayana karanga?"

"Maharage, kitunguu na chumvi, mwanangu. Nenda kakae."

Eustadia aliinama juu ya sufuria, akanusa. Pua yake ilikuwa imejaa moshi wa zile karanga za mlangoni, kila kitu kilinuka karanga, hata kanga yake mwenyewe. Akanyoosha mkono aombe kijiko aonje. Raymundi akaita kutoka ndani, "Shemeji! Umekuja kula au umeajiriwa?" Watu wakacheka tena. Mkono ukarudi.

Chakula kilipofika walinawa. Eustadia alikata tonge, akataka aanze yeye, lakini Raymundi alikwisha kuisogeza sahani ya maharage mbele ya mchumba wake na kusema, "Aanze mwenye siku yake." Apolinaria alimtazama Raymundi, hakumtazama dada yake. Akachovya, akala, akachovya tena.

Eustadia alichovya kwenye sahani hiyohiyo. Mchuzi ulikuwa mzito kuliko mchuzi wa maharage na kitunguu. Ulimi ukaujua kabla yeye hajaukubali: mafuta yale, na utamu ule wa mbali.

Akaifunika sahani kwa kiganja.

"Tema," alisema. "Apolinaria, tema!"

"Dada, tafadhali..." Halafu akajishika shingo.

Kilichofuata Eustadia hakuweza kukisimulia vizuri baadaye, na watu walimsimulia yeye. Kwamba alipiga kelele mpaka mtaa ukajaa. Kwamba Nassibu alikimbia akarudi na baiskeli ya mtu, Raymundi akampakia mchumba wake mbele yake na kumkumbatia kwa mkono mmoja. Yeye alikumbuka ule mlio tu, mvukuto wa mhunzi, akikimbia nyuma ya baiskeli akiusikia. Aliukimbilia. Ulikuwa unampa moyo, maana anayelia hivyo bado anavuta pumzi. Hospitali hawajaiona hata paa lake, mlio ukakoma. Raymundi aliendelea kukanyaga pedeli mbio vilevile, hakuwa amejua.

Walimzika Itetemia, pembeni ya mama yake.

Msiba ukiwa bado mbichi, Bi Mwanamkuu alikuja. Alikuja kwa miguu, peke yake, amevaa baibui lililojaa vumbi, kwapani amekumbatia kuku mweupe aliyefungwa miguu. Wanawake wa Itetemia walisogea kumpisha. Alipita katikati yao mpaka alipokaa Mzee Bernardo, baba wa marehemu, na wazee wenzake. Raymundi naye alikuwa pale, ameinamia mikono yake. Bi Mwanamkuu akaketi chini kabisa, kwenye mchanga.

"Sikuja kujitetea," alisema. "Nimekuja kueleza nililofanya. Bibi yangu alikuwa mpishi wa wapagazi hapa Tabora, enzi za misafara. Kila mpagazi alikuwa na mwiko wake. Huyu hali kondoo, yule hali kambare, na chungu ni kimoja. Wangekula nini? Basi walikuwa wanasema mwiko wa msafiri unabaki nyumbani unamngoja, njiani haumfuati, almuradi asijue alichokula. Mpishi ananyamaza, msafiri anashiba, mzigo unafika pwani. Bibi alimfundisha mama, mama akanifundisha mimi. Nimelisha watu wengi hivyo, na hakuna aliyeumwa hata tumbo."

Akafuta uso kwa upindo wa baibui.

"Siku ile nazi hazikuja na treni. Mafuta madukani hakuna, mnajua wenyewe. Kila sufuria nilikuwa nimeitia tui la karanga, hata ile ya maharage. Nikajiambia, wageni wa posa waondoke kwangu na njaa kwa sababu ya mwiko ulio nyumbani? Nikamwambia huyu binti hamna. Kumbe mwiko wenu haulali. Nimeleta kuku, wazee. Nionyesheni kinachotakiwa, niutulize."

Wazee walitazamana. Eustadia aliona mabega ya baba yake yakishuka kwa nafuu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alikuwa mtu wa kanisa, rozari iko mfukoni, lakini mwiko uliovunjwa ni kitu anachokijua. Una mwanzo, una mwenye kosa, una njia ya kuumaliza. Mzee Bernardo akanyoosha mkono ampokee kuku.

"Haukuwa mwiko," alisema Eustadia.

"Nyamaza, mama," alisema baba yake kwa upole.

"Haukuwa mwiko, baba. Babu alikuwa anakula karanga, wewe mwenyewe umezilima. Ni mwili wake uliokuwa unazikataa. Angekula hapa, angekula njiani, angekula usingizini bila kujua, angekufa vilevile." Akamgeukia Bi Mwanamkuu. "Mimi nilikuambia mwiko. Hukukosea ulivyosikia."

Bi Mwanamkuu alikaa akimtazama. Ule uso wa heshima aliokuja nao ulimtoka taratibu, na kilichobaki kilikuwa kibaya kukiona.

"Ungeniambia anakufa," alisema, "ningewaambia sina chakula chenu leo. Ningewafukuza."

"Najua."

"Sasa kwa nini, mwanangu?"

Eustadia hakutaka kumtazama Raymundi, akajikuta amemtazama. Raymundi aliinua kichwa. Alikuwa ameelewa, ilionekana.

"Ningemuoa," alisema. "Hata angekuwa hali chochote isipokuwa maji."

Huenda ilikuwa kweli. Huenda ni vile mtu anavyosema msibani, mbele ya kaburi ambalo halitamdai kitu. Eustadia alimpekua usoni kama alivyozoea kupekua mboga, asipate jibu.

Mzee mmoja alikohoa. Bi Mwanamkuu alisimama kwa shida, akajipangusa mchanga, na alipofika usawa wa Eustadia akasimama.

"Wanakuja kila siku," alisema chinichini. "Huyu hali hiki, yule hali kile. Nitawajuaje?"

"Waulize, mama. Mtu akikuambia hali, muulize akila huwa anakuwaje. Usikubali neno moja."

"Nawe ungenijibu? Na mchumba yuko nyuma ya pazia?"

Bi Mwanamkuu alitikisa kichwa, akashika njia ya mjini.

Kuku alibaki pale mchangani na miguu yake imefungwa. Kumchinja ilikuwa ni kusema kulikuwa na mwiko, na kumfungua aende zake hakuna aliyejua maana yake ingekuwa nini. Watu walimzunguka wakipita, wakaingiza vyombo ndani, wakaanza kuaga mmoja mmoja. Mzee Bernardo alibaki kwenye kiti chake, amempa binti yake mgongo.