Nyumba Moja, Kiti Kimoja

Kila Jumamosi saa kumi alasiri fundi saa alifunga kibanda chake, akasugua mikono kwa sabuni ya unga mpaka mafuta yatoke, kisha akaenda ukumbini kwenye mashindano ya chemsha bongo. Alikuwa bingwa kwa miaka kumi na moja mfululizo. Watu walimwita Kichwa. Washindani wake walikwisha kukata tamaa, wakabaki kuambiana kwamba aliye juu mngoje chini.

Ushindi wake haukuwa na siri. Jioni, akiwa ameinamia saa za watu, mkewe alimsomea vitabu kwa sauti, tangu jalada hadi maelezo ya chini ya ukurasa. Mke mwenyewe hakuwahi kushindana. Kanuni ya ukumbi ilisema nyumba moja, kiti kimoja, na kiti cha nyumba ile kilikuwa na mwenyewe.

Mwaka huo kamati ilileta akili mnemba ishindane na binadamu. Ilikuwa kisanduku cha kijivu, kikawekewa mto kitini ili kilingane kimo na wenzake. Swali la kwanza lilihusu mifupa ya sikio. Kisanduku kilijibu fundi hajafumbua mdomo, na kilijibu kwa sauti ya mke wa fundi, pamoja na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kutaja tarakimu.

Hakuna aliyeshtuka.

"Shoga yangu leo kaamka vizuri," msusi wa mstari wa mbele alimwambia jirani yake.

Fundi alishindwa kwa alama tisa. Nyumbani alimkuta mkewe anachambua maharage, akamsalimu, akajibiwa kwa kichwa tu. Saa kumi na mbili sauti iliingia kupitia dirisha la jikoni, mama wa watu akasafisha koo.

"Ulikuwa wapi?" fundi aliuliza.

"Mimi nilikuwa hapa hapa. Sauti ndiyo imepata kazi."

"Kazi ya kunishinda mimi, mumeo?"

"Ya kujibu inachoulizwa. Mimi humu ndani sijaulizwa kitu miaka kumi na moja."

Fundi aliona wivu, tena wivu wa kukosesha mtu usingizi. Mwanzoni alikionea wivu kisanduku, kama vile ni mwanamume anayetembelewa na mke wa mtu. Hilo lingevumilika. Baadaye akagundua kwamba anayemwonea wivu hasa ni mkewe, na hilo halikuvumilika. Wiki ile alikaza saa tatu za wateja mpaka zikakatika kamani, zile springi za ndani. Jumamosi iliyofuata alifunga madirisha yote na kutia kufuli mlangoni. Sauti ikapita chini ya mlango, ikamtangulia ukumbini.

Jumamosi ya tatu kinyozi alisimama katikati ya mchezo.

"Mwalimu, kanuni ifuatwe! Sauti ile inatoka nyumba ya Kichwa. Nyumba moja imekalia viti viwili."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mtu alisema nyuma, watu wakacheka.

Muuliza maswali, mwalimu mstaafu, alivua miwani. "Kinyozi ana haki. Kama ni shemeji, basi kiti cha nyumba ile ni chake, maana ndiye mwenye alama nyingi, na jina lake tutaliandika kwenye ubao wa mabingwa. Fundi atapisha. Kama siye, mchezo uendelee. Haya fundi, hakuna anayeijua sauti hii kukushinda wewe. Ni ya nani?"

Ukumbi mzima ulijua, ila ulitaka kumsikia yeye. Kisanduku kilikohoa kidogo.

"Siifahamu," alisema fundi. "Andikeni Mashine."

Mchora mabango akaandika Mashine, kwa herufi nyeupe za kupendeza. Fundi akabaki kitini pake, akashindwa kwa alama kumi na mbili.

Alipofika nyumbani sauti ilikuwa imeshawasili.

"Leo nani kakushinda?" mkewe aliuliza.

"Mashine."

"Haya," alisema mkewe, akafungua kitabu walipoishia jana.

Fundi alivuta kiti karibu, akatega sikio, kwa sababu Jumamosi ijayo alikusudia kushinda.

"Soma," alimwambia. "Ila punguza sauti, majirani wasisikie."