Mzinga wa Arobaini na Moja

Karatasi ya Wara Choque ilirudi mezani kwake na neno moja la wino mwekundu, pembeni mwa mstari wa arobaini na moja. Profesa Eladio Bancalero alikuwa ameandika: "Jiwe."

Kazi yenyewe haikuwa na fumbo. Zamani, magari ya farasi yalipopinda kwenye vichochoro vya Cádiz, mji wa bandari wa Hispania, magurudumu yalikuwa yakizimega kona za nyumba. Wenyeji wakachukua mizinga chakavu ya vita, ya ngome na merikebu, wakaifukia nusu kwenye kona, ili gurudumu liumie badala ya ukuta. Mizinga hiyo ipo mpaka leo. Kila mwaka wanafunzi wa historia ya mji hugawiwa mitaa, kila mmoja wake, wauzunguke kwa miguu na kuorodhesha mizinga yote. Na kila mwaka profesa huwakumbusha kanuni yake: kitu kimoja cha uongo kwenye orodha, umeanguka somo zima.

Wara alipewa La Viña, mtaa ulio nyuma ya ufuo wa La Caleta. Alitoka Oruro, nyanda za juu za Bolivia, nchi isiyo na pwani. Kabla ya Septemba hakuwa ameiona bahari kwa macho yake. Ufadhili wake ulikuwa wa mwaka mmoja, na uliongezwa kwa yule tu asiyeanguka somo lolote. Alilijua sharti hilo alipouandika mstari wa arobaini na moja, na alilijua alipokwenda kuutetea.

"Futa huo wa mwisho," profesa alimwambia ofisini. "Ile arobaini ni sahihi, nimeilinganisha na orodha yangu. Ufute, nikupe alama nzuri, tumalizane."

"Kwa nini ni jiwe, Profesa?"

"Kwa sababu nimezaliwa mtaa huo, binti. Nyumba ya tatu kutoka hapo. Tulikuwa tukiliita Kisiki. Nimekalia jiwe hilo utoto wangu wote."

"Kona inayotazamana nalo ina mzinga. Lakini gari linalotoka ufuoni hupinda kwa kuubana upande wa Kisiki. Kona iliyokuwa ikiumia ni ile. Wangewezaje kuilinda isiyoumia wakaiacha inayoumia?"

Profesa alivua miwani. "Hiyo ni hoja. Hoja siyo mzinga. Nitapita hapo Ijumaa saa sita mchana. Ama uwe umefuta, ama unionyeshe. Ukinionyesha jiwe, kanuni unaijua."

Nyumbani, Ornella, Mwitaliano aliyepanga naye nyumba, hakumpa hata nafasi ya kumaliza.

"Futa! Arobaini haikutoshi? Unataka kurudishwa kwenu kwa ajili ya kisiki?"

"Kama ni mzinga, orodha ya arobaini ni ya uongo."

"Uongo wenye alama nzuri, mpenzi. Watu wanaishi nao mpaka uzeeni."

Alhamisi upepo wa mashariki ulianza kuvuma, ule unaowafanya watu wa Cádiz wafunge madirisha na kugombana. Wara alikwenda kwenye kona akapiga magoti mbele ya Kisiki. Kilimfika juu kidogo ya goti, kipana juu, bila ncha, chokaa tupu. Baba yake alichimba madini ya bati miaka ishirini na sita, na alikuwa amemfundisha kugonga mwamba na kusikiliza. Akagonga kwa ufunguo wa mlango. Sauti ilikuwa butu. Chokaa ilikuwa nene mno. Haikusema jiwe wala chuma.

"Wewe! Unabisha hodi? Humo hamna mtu!"

Mlangoni alisimama Bi Milagros Foncubierta, mwenye nyumba ya kona, katika gauni la nyumbani na ndara. Wara alimweleza shida yake, akaomba ruhusa ya kukwangua.

"Ukwangue?" Bi Milagros alijishika kiuno. "Ukuta huu nimeupaka Jumatatu. Jumatatu, mwanangu! Mgongo haujanyooka bado. Na kisiki hupakwa pamoja na ukuta wake, ndivyo alivyofanya mama, na bibi kabla yake. Nani amekwambia ni mzinga?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Na nani anasema siyo?"

"Profesa Bancalero."

"Eladio? Ladio, mtoto wa Rosario, aliyekuwa akijifuta makamasi kwenye pazia langu?" Uso wake ulibadilika kabisa. "Njoo kesho asubuhi. Lakini tusikilizane: liwe jiwe, liwe mzinga, utaupaka ukuta mzima upya. Kwa mkono wako. Chokaa mara mbili, na kona nazo."

"Nimekubali."

Ijumaa saa tatu Wara alianza, akiwa na mwiko, brashi ya waya na rula. Bi Milagros alitoa kiti akakaa kando na kahawa yake. Chokaa ilitoka kwa tabaka: nyeupe, nyeupe, ya samawati, tena nyeupe, kisha ya rangi ya haradali ambayo Bi Milagros aliitambua mara moja. "Hiyo ni ya harusi ya shangazi Encarna. Ilimchukiza kila mtu." Wara alihesabu tabaka kumi na tisa kabla hajaacha kuhesabu. Saa tano kasoro robo, mwiko ulitoa ukwaruzo mkali, na vumbi jekundu likamwangukia mapajani.

"Kutu!" Bi Milagros alisimama. "Ni chuma! Umeshinda!"

"Bado. Kuna nguzo za chuma zilizotengenezwa baadaye kwa mfano wa mizinga. Nazo zinapata kutu."

"Sasa unataka kilipuke ndio uamini?"

Wara hakucheka. Alijua anachotafuta. Kama ni mzinga uliofukiwa mdomo chini, basi sehemu ya nyuma ndiyo iliyo juu, na karibu na nyuma lazima kuwe na tundu la kuwashia baruti. Nguzo ya mfano haina tundu, kwa kuwa haikukusudiwa kupiga. Upande wa barabarani hakukuwa na kitu. Upande wa kushoto na wa kulia pia. Uliobaki ulikuwa ule uliogandamana na ukuta, ambako mkono wake ulipita kwa shida. Alipapasa kwa vidole, shubiri moja kutoka juu, akagusa kishimo kilichoziba, kisichozidi upana wa kidole kidogo.

Alichokoa chokaa kwa msumari. Kisha akanyoosha waya mwembamba na kuusukuma. Uliingia sentimita tano. Kumi. Kumi na nne, ukapenya mahali patupu.

Alikuwa bado amelala ubavu, shavu kwenye mawe ya njia, alipoona viatu vyeusi vimesimama mbele yake.

"Saa sita," alisema Profesa Bancalero.

Wara aliinuka, mweupe kwa chokaa mpaka nyusi. Alimpa waya.

Profesa aliweka mkoba chini, akapiga magoti na suti yake. Alipapasa muda mrefu. Aliingiza waya, akautoa, akaupima kwa rula, akauingiza tena. Kisha akaketi palepale chini, mgongo ukutani.

"Tundu," alisema.

"Ladio!" Bi Milagros alipiga makofi. "Miaka kumi umekalia mzinga ukila mkate, ukisema jiwe! Na hao unaowaangusha kila mwaka je? Leo nani ameanguka?"

"Mimi, Milagros. Mimi." Aliufungua mkoba, akatoa orodha yake mwenyewe, iliyochakaa kwenye mikunjo. "Mitaa ya wenzangu niliikagua kona kwa kona. Huu wangu niliuandika nikiwa mezani, nikidhani ninaujua."

Aliandika chini ya mstari wa mwisho: jina la kichochoro, urefu wa sehemu inayoonekana, kina cha tundu. Kwenye safu ya mgunduzi aliandika kwa herufi kubwa: WARA CHOQUE, ORURO. Kisha akaichukua karatasi ya Wara, akalikata neno "Jiwe" kwa wino ule ule mwekundu na kutia sahihi kando.

"Alama ni kumi juu ya kumi," alisema. "Nimetoa kumi mara mbili tu katika maisha yangu."

Wara alisoma jina lake, akalisoma tena, kisha akaruka juu akapiga ukelele uliowatoa watu madirishani licha ya upepo.

"Pongezi baadaye," alisema Bi Milagros, akitoka na ndoo ya chokaa. Alikuwa na brashi mbili. Moja alimpa Wara. Ya pili akamtupia profesa mapajani. "Na hilo tundu, Ladio, ole wako ulizibe."