Samaki Kichwa-Nyoka wa Sebuleni

Haidari, fundi wa madirisha ya vioo pale Kibiti, alirudi kutoka Dar es Salaam na ndoo yenye samaki wawili wenye vichwa kama vya nyoka. Mkewe, Nusaiba, alichungulia akarudi nyuma.

"Baba Azan, hawa ndio wa kukaa sebuleni kwangu?"

"Ni samaki tu, Mama Azan. Asili yao ni Asia, vijito vya msituni. Duka lilikuwa linafungwa, nikawaonea huruma."

Akawaundia tangi la kioo, akatia maji meupe ya kisima na taa kali juu. Samaki wakajibanza pembeni, wakapauka, chakula hawakigusi. Nusaiba akawa kila akipita na ufagio anasimama kuwatazama.

"Huko msituni walikuwa na taa?" aliuliza siku moja. "Twende kwetu."

Kwao ni Mahege, ambako kijito kinapita chini ya miti iliyofungamana. Walirudi na pikipiki imeelemewa mchanga, mizizi mikavu na gunia la majani yaliyopukutika. Nusaiba aliyachemsha majani yale, akayatandaza juu ya mchanga, katikati ya mizizi. Maji yakageuka rangi ya chai. Haidari akazima taa, akafunika tangi kwa wavu maana samaki hao huruka.

Jioni, dume alijitokeza chini ya jani, mapezi yamerudiwa na ubuluu wake. Akapanda juu, akavuta pumzi ya hewa kama mtu, akazama tena.

Baadaye dume yule akaacha kula, koo likamvimba. Haidari alitaka kumtoa, lakini mkewe akamshika mkono.

"Muache. Hana sura ya mgonjwa."

Asubuhi moja Nusaiba akifungua pazia, samaki alipanua kinywa. Vikamwagika vitoto vidogo kama punje za mtama, kundi zima, vikaelea mbele ya uso wake. Haidari alipoingia, kivuli chake kikapita kiooni. Vyote vikakimbilia kinywani, kinywa kikafumbwa.

"Subhanallah," Haidari alisema taratibu. "Amewala?"

"Amewaficha. Ni baba yao huyu. Siku zote hizi alikuwa amewabeba, ndiyo maana hakula."

Haidari akaketi chini sakafuni. Nusaiba akaketi ubavuni pake, wakangoja kinywa kifunguke tena.