Neno la Pili

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne, faili la fundi saa lilikuwa wazi mezani, ukurasa wa nne. Tume ya hifadhi ya wakimbizi ilikuwa imepiga mstari mwekundu chini ya majibu mawili. Katika maelezo ya kwanza: baba aliuawa mlangoni pa nyumba yake. Katika mahojiano, alipoulizwa ni nani aliyemsindikiza hadi mpakani: baba. Pembeni afisa alikuwa ameandika, "Baba yu hai. Mwombaji ni mwongo."

Mwenye meza alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane ambaye wakimbizi walimwita Mama Fomu. Yeye pia alikuwa mkimbizi. Kwao, wakati wa vita, alivuka daraja moja mara kumi na tisa akibeba barua za pande mbili zilizokuwa zikitafuta mapatano. Barua ya kumi na tisa ilikuwa ndefu, ya kuomba radhi. Waliopelekewa waliichambua mpaka wakapata neno moja la kuwaudhi, na watu saba wakauawa kabla jua halijazama. Tangu hapo kila aliyekaa mbele yake alifundishwa kanuni moja: likitosha neno moja, usitie la pili.

Fundi saa aliishika kanuni hiyo kuliko wote. Mama Fomu alimtania kwamba kwa mwendo huo, mke atakayemwoa atadhani ameolewa na bubu. Aliyemsindikiza mpakani alikuwa baba mdogo, yaani mdogo wa baba yake aliyeuawa. Baada ya mazishi nyumba nzima ilimwita baba, na siku ya mahojiano fundi saa aliona "mdogo" ni neno la pili.

Rufaa ilipangwa saa tatu. Mtu pekee aliyeweza kueleza jibu lile lilitoka wapi ni aliyelifundisha, na tume ilikataza mtu yeyote kumfundisha mwombaji namna ya kujibu. Wakili, kijana aliyefanya kazi na Mama Fomu ofisi moja kwa miaka sita, alimkumbusha kwamba mafaili mengine thelathini na moja yalikuwa na mwandiko wake, na kwamba yote yangerudishwa mwanzo.

"Ukisema hayo, Mama, umejitia kitanzi. Na hao wengine umewavisha."

"Huyu anarudishwa kwa watu waliomuua baba yake. Wale wengine leo watalala hapahapa."

"Na kesho?"

Mama Fomu alitia faili kwenye mkoba.

Chumba cha rufaa kilikuwa na viti tisa na feni isiyozunguka. Kiti cha mwombaji kilikuwa kitupu. Karani alieleza kwamba basi la wanaorudishwa lilikuwa limeondoka saa kumi na mbili. Orodha ilichapwa Ijumaa, na rufaa ilisajiliwa Jumatatu. Mama Fomu alitoka barazani akampigia simu baba mdogo, aliyebaki kwao, akamwambia awahi mpakani kabla basi halijafika, kwa sababu barabara ya upande ule ilikuwa bado mikononi mwa wauaji wa kaka yake. Baba mdogo alisema ataazima pikipiki. Kisha Mama Fomu akarudi ndani akala kiapo.

Alizungumza kwa dakika kumi na mbili. Mwenyekiti alimuuliza kama kweli alimfundisha mwombaji.

"Nilimfundisha. Nilimwambia afupishe, akafupisha. Alilolikata ni neno 'mdogo'. Kosa ni langu, si lake."

Saa tano na robo mwenyekiti alitia saini amri mbili. Ya kwanza ilisimamisha kurudishwa kwa fundi saa. Ya pili ilimfutia Mama Fomu kibali cha kuingia vituo vya wakimbizi na kurudisha mwanzo mafaili thelathini na moja. Simu ya ofisi ya mpakani haikupokelewa, hivyo karani alituma amri ya kwanza kwa barua pepe. Muhuri wa ofisi hiyo unaonyesha kwamba ilisomwa saa tisa kamili.

Saa tisa na nusu baba mdogo alipiga simu kutoka mpakani, akihema.

"Dada, nimefika. Mbona hawa wanasema nimeshamchukua?"

Mama Fomu alimwomba arudi dirishani akaulize. Askari wa zamu alimweleza baba mdogo utaratibu: anayerudishwa hukabidhiwa kwa ndugu. Faili lilisema baba yu hai, kwa hiyo walitangaza getini, baba yake fundi saa yuko? Mwanamume mmoja, aliyekuja kwa gari na wenzake wawili, aliitika kwamba ndiye. Hakuulizwa neno la pili.

Baba mdogo aliomba kuonyeshwa daftari. Mama Fomu alimsikia kwenye simu akilisoma polepole, silabi kwa silabi.

"Saa nane na dakika arobaini. Amekabidhiwa kwa baba."