Kitenge cha Kongoro

Wifi yangu Advera hajawahi kubabua ukwato wa ng'ombe tangu azaliwe, lakini ndiye aliyekuwa anasifiwa nyumbani kwangu, hapa Mtendeni, mbele ya sufuria yangu.

Mama mkwe wangu, Mama Martha, aliletwa kutoka Ulyankulu magoti yamevimba, hawezi kuinuka kitini bila kushikwa. Mume wangu Wilbroad alimshusha garini, akanikabidhi, akaenda zake kazini. Basi mimi ndiye niliyekuwa nadamkia machinjioni kugombea kongoro, miguu ya ng'ombe. Naibabua, naikwangua, naichemsha kwa mkaa taratibu hadi jioni. Supu yangu ikipoa inaganda, ukichomeka kijiko kinasimama wima.

Advera, binti yake wa pekee, anaishi Dar. Yeye alituma makopo mawili kwa basi. Moja la kolajeni, unga wa kukoroga kwenye maji, na jingine la jelatini, ambayo ukiikoroga ikapoa inaganda. Inaganda! Kama vile huku Tabora hatujawahi kuona kitu kikiganda. Halafu zikafuata amri kwa simu: kwa muda fulani mama ale vyakula halisi tu, na vile vinavyoweza kumchochea maumivu ya viungo viondolewe vyote. Ngano, sukari, maziwa, mayai, maharage, nyanya, hata karanga. Baadaye virudishwe kimoja kimoja, ijulikane kipi kinamsumbua. Haya, mpikie Mnyamwezi mboga bila karanga, uone atakavyokutazama.

Nilifuata yote. Mlenda mtupu, viazi, samaki wa kuchoma, na kongoro yangu. Mama alikula, macho ukutani.

Jioni Advera alipiga simu, tukaiweka spika.

"Shikamoo mama. Umekunywa kolajeni?"

"Marahaba. Kola nini?"

"Kolajeni, mama. Ni kama kongoro tu, ila imekaushwa ikawa unga."

"Aa, kongoro! Nimekunywa, mwanangu."

Tangu siku hiyo unga wa kopo nao ukaitwa kongoro. Kwa neno hilo moja, kazi yangu ya kutwa ikalinganishwa na kijiko cha unga.

Uvimbe ukaanza kunywea. Mama akaanza kwenda misa ya asubuhi, kwanza kwa kunishika bega, kisha peke yake na fimbo. Alirudi amechangamka, uji wangu akiuonja kidogo tu na kuusogeza pembeni. Majirani walipomuuliza amepona kwa dawa gani, alijibu, "Kongoro." Natanua kifua. Kabla sijasema neno, jirani anadakia, "Ile aliyotuma Advera?" Mama anacheka tu. Nilitamani kulitupa kopo lile chooni. Wivu? Ndiyo, wivu, tena ule wa kukaba roho, na wala sikuuficha. Sufuria zilijua.

Jumuiya yetu ya kanisa ina desturi yake: mgonjwa akipona, siku ya sala ya shukrani anamvisha kitenge aliyemwinua. Nikitandika kitanda cha mama nilikiona chini ya mto, kipya, cha buluu, kinanukia duka. Vitenge ninavyo. Hicho nilikitaka kwa sababu nilitaka Mtendeni nzima ione ni mikono ya nani iliyofanya kazi.

Advera alikuja kwa ajili ya shukrani, kucha zake ndefu zimepakwa rangi.

"Wifi, mbona umekonda?" akaniuliza.

"Kongoro haijichemshi," nikamjibu.

Wageni walipojaa uani, akamkorogea mama unga wake mbele yao wote, kijiko kikigonga kikombe kwa makusudi. Mimi nikaleta bakuli langu, nikaliweka kando ya kikombe chake. Mama alivitazama vyote viwili, hakugusa kimoja.

Sala ilipokwisha, alisimama mwenyewe bila kushikwa, kitenge mkononi.

"Nimepona kwa kongoro," akasema. "Aliyenipa kongoro asimame."

Nikasimama. Advera naye akasimama. Tukatazamana, na hakuna aliyekuwa tayari kukaa. Watu wakaanza kucheka chinichini.

"Kaeni kwanza, wanangu," mama akasema. Kisha akaangaza nyuma kabisa, penye mkeka wa mwisho. "Tunu, mama, njoo."

Tunu anauza supu ya kongoro na chapati karibu na lango la kanisa. Alikuja anajifuta mikono kwenye khanga, haelewi kinachoendelea.

"Hawa wanangu wamenihangaikia, Mungu awabariki," mama akasema. "Mmoja na kopo, mmoja na sufuria, wanashindana nani ananiponya. Nikala wanachotaka wao. Huyu aliniona natoka kanisani, akaniuliza, 'Bibi, leo unajisikia kula nini?' Basi nikawa natembea hadi kwake kila asubuhi, ili niulizwe tena."

Akamvisha kitenge. Vigelegele vikapigwa. Nilipiga makofi kwa mikono inayonuka moshi wa kwato, na wivu wote niliokuwa nao kwa Advera ukahamia kwa Tunu pale pale, bila kupungua hata chembe.

Advera akaniinamia. "Wifi, hivi hiyo kongoro ya Tunu inaliwa na nini?"

"Chapati," nikasema.

"Mungu wangu. Ngano!"

"Na kachumbari ya nyanya."

Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, tulishikana mikono mimi na wifi yangu.

Kesho yake nilimuwahi mama mlangoni, fimbo ikiwa tayari mkononi mwake.

"Mama, leo unajisikia kula nini?"

Akanishika shavu.

"Mboga ya karanga," akasema. "Lakini iwe mchana, mkamwana. Sasa hivi Tunu ananisubiri."