Mkanda Namba Saba

Kama kuna kazi ambayo Mawazo aliwashinda watu wote wa ile ofisi ya Kigobe, ni kukaa kimya huku macho yakiwa kazini. Asubuhi hiyo alikaa kiti cha pembeni, daftari lake mapajani, akawatazama wakubwa wakihangaika.

Fortunat, enjenia aliyetengeneza mikanda, alikuwa ameinamia kompyuta. Nyuma yake alisimama Dokta Pascaline, mkuu wa utafiti, akikunja na kukunjua miwani. Wote wawili walikuwa wanamngojea Profesa Birindwa kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Mfuko uliotangaza pesa za utafiti wa vifaa vya afya ulisema wazi: timu ya nchi moja isijisumbue. Wanataka nchi mbili zifanye kazi pamoja, na saini mbili chini ya karatasi moja. Ya Pascaline ilikuwepo. Ya Birindwa bado. Dosie, yaani faili la maombi, inafungwa Ijumaa, na leo ni Jumatano. Saini ikikosekana, mwisho wa mwezi mikanda yote kumi na miwili inarudi kabatini.

Mkanda wenyewe si kitu cha kutisha. Ni kitambaa laini chenye kidude kama kifuniko cha soda. Unamfunga mtoto kifuani, kinahesabu pumzi zake na kutuma hesabu ofisini. Mtoto akianza kuhema mbio, mtu anajua mapafu yameshikwa hata kabla mama hajashtuka. Vitambaa vyote vilitoka kwenye cherehani ya Mawazo, huko mtaa wa Bwiza. Na kwa miezi saba ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba, asubuhi na mchana, kuangalia watoto wanaendeleaje. Kwenye dosie walimwandika "mwakilishi wa jamii", maana mfuko ulitaka awepo mmoja.

"Namba saba inatuua," Fortunat akasema. "Angalia ya tarehe kumi na moja. Saa mbili, pumzi arobaini na ine. Saa ine, hamsini na mbili. Saa sita, sitini na munane! Saa munane, arobaini na ine tena, kama hakuna kitu ilipita. Huyu mutoto ni Lazaro? Anakufa na kufufuka kila siku?"

"Kidude kimeharibika?"

"Kizima. Nilikipima mara tatu. Mama Dokta, tuitoe yote. Tumuoneshe kumi na moja, safi, basi."

Mawazo akainua kichwa. "Usiitoe, Enjenia."

"We dada, hii ni mahesabu."

"Hata kitambaa ni mahesabu. Ukikata kabla ya kupima, hakirudi."

Fortunat akacheka, akamtazama Pascaline. Pascaline akageukia dirisha. Nje gari likazima injini. Kidole cha Fortunat kikagusa kitufe, na namba saba ikatoweka kwenye jedwali kama mtu aliyetoka kwa mlango wa nyuma.

Profesa Birindwa alikuwa mzee mnene, mwenye sauti ya chini. Alisalimia kila mtu kwa mkono, hata Mawazo, akauliza habari za nyumbani. Kisha akaketi, akasoma jedwali taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alipofika chini akarudi juu.

"Dosie inasema mikanda kumi na mbili. Hapa naona kumi na moja." Akavua miwani. "Mutoto wa kumi na mbili alikufa?"

"Apana, Profesa!" Fortunat akasema haraka. "Ni kidude tu. Kiliharibika."

Mawazo akaona shingo ya Pascaline inavyobadilika rangi. Akajua sasa ndipo penyewe: neno hilo likiachwa lilale hapo, kila kitu kitakachojengwa juu yake kitakuwa kimepinda.

"Hakikuharibika, Profesa," akasema. "Na mutoto ni muzima. Namba saba iko watoto watatu."

"Watatu namna gani?"

"Mukanda ni wa Moubarak. Miezi munane, mama yake anaitwa Fadhila. Lakini katika parsele, uwanja mumoja na majirani, wanauazimanaka. Mi naandikaka nani amevaa, na saa ngapi."

Akafungua daftari. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyeishia darasa la sita, lakini kila mstari ulikuwa na tarehe, saa na jina. Birindwa akavuta kiti karibu. Akamwambia Fortunat arudishe namba saba, kisha wakaanza: yeye akisoma kwenye kompyuta, Mawazo akijibu kwenye daftari.

"Tarehe kumi na moja, saa mbili."

"Moubarak."

"Saa ine."

"Mutoto wa Siti. Alikuwa na mwezi mumoja."

"Saa sita. Hii sitini na munane."

"Chance. Binti ya Médiatrice muuza makaa, miaka tatu. Alianza kukohoa saa tano. Mukanda ukahesabu vile, nikamubeba mi mwenyewe mpaka kituo cha afya. Walimulaza siku tano." Akafunua ukurasa. "Leo asubuhi nimemuacha anafukuza kuku."

Birindwa akaegemea nyuma. "Huu mustari ndio mulitaka kutupa?"

Fortunat alitazama viatu vyake.

"Mawazo," Pascaline akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, si ya hasira. "Miezi saba. Mbona hukuniambia?"

"Mama Dokta, muliniulizaka kama mukanda ni muzima. Nikasema muzima. Na Fadhila aliogopa mutamunyang'anya." Akafunga daftari. "Lakini hapo nilikosea. Ningesema."

"Ungesema," Birindwa akakubali. "Sababu mama wa Moubarak alisaini karatasi ya ruhusa. Hawa wengine wawili walisaini nini? Hakuna. Kumupima mutoto wa mutu na kupeleka namba zake kwa mufadhili, mama hajui, ni kama kuvuna shamba la jirani." Akarudisha miwani usoni. "Ningekuta mumefuta nikagundua baadaye, singekanyaga hapa tena. Lakini hivi ilivyo, pia siwezi kusaini."

Pascaline akaanza kufunga faili. Mawazo yeye akasimama, akaweka daftari kwapani.

"Profesa, hao mama wako Bwiza. Bwiza si ng'ambo. Twende tuwaulize."

*

Parsele ya kina Fadhila ilikuwa na nyumba nne na bomba moja la maji. Fadhila alikuwa akichambua mchele mlangoni. Alipoona gari na watu wenye mafaili akaacha ungo.

"Mawazo we! Umetuletea huissier wa kutunyang'anya vitu?"

"Nimekuletea wageni, Mama Moubarak. Usiogope, sema vile iko."

Birindwa akapewa kiti, wengine wakapata ndoo na vigoda. Akauliza bila kuzunguka: "Mama, ulipewa mukanda wa mutoto wako peke yake. Kwa nini uliuazima?"

Fadhila akamtazama kuanzia viatu mpaka kipara. "Baba, kwako kuna lango?"

"Liko."

"Njo maana unauliza. Hapa mutoto wa Médiatrice anakohoa, mi nasikia kama yuko kitandani kwangu. Nifunge wangu mukanda, nigeuke nilale? Allah ataniuliza nini? Kila asubuhi kwenye bomba tunaulizana: nani alikohoa? Huyo njo anaanza. Kisha Moubarak, kisha wa Siti. Kama hakuna mwenye alikohoa, Moubarak njo wa kwanza, sababu mukanda ni wake. Hatugombanake."

Akaingia ndani, akatoka na mkanda. Birindwa akaugeuza mkononi, akaona vifungo vitatu vilivyopangwa kimoja baada ya kingine.

"Mi nilichora kifungo kimoja!" Fortunat akasema.

"We ulichora kimoja, Enjenia," Mawazo akajibu. "Kifua cha miaka tatu si kifua cha mwezi mumoja. Nikaongeza."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Birindwa akacheka, tumbo likatikisika. Fortunat hakucheka, lakini alichukua mkanda, akaanza kupapasa kidude kwa dole gumba. Mawazo alimwona anavyobadilika uso: aibu inaondoka, kazi inaingia. "Ningeweka kitufe," akajisemea. "Mama anafinya mara moja, mara mbili, mara tatu. Kinajua ni nani. Si kazi hata ya wiki."

Médiatrice akaitwa, mikono myeusi ya makaa, na Siti akatoka na mwanawe mgongoni. Pascaline akawaeleza mwenyewe, bila maneno ya shule: namba zimechukuliwa bila ruhusa yao, anaomba samahani, na sasa anaomba ruhusa.

"Nikisema apana?" Médiatrice akauliza.

"Namba za Chance zinafutwa leo leo. Na akigonjwa, tunamuangalia vile vile."

Médiatrice akafikiri. Chance mwenyewe alikuwa amejificha nyuma ya sketi yake, akimchungulia mzee mnene. "Mi sina ubaya. Lakini nauliza: hii kazi yenu ikiisha, mukanda unaenda wapi?"

Pascaline akasita. "Vifaa ni mali ya mradi. Vinarudi—"

"Basi apana."

Siti akatikisa kichwa kumuunga mkono. Fadhila akarudia ungo wake kana kwamba mkutano umeisha. Pascaline akamgeukia Mawazo, na Mawazo akaelewa anaombwa awabembeleze. Hakuwabembeleza.

"Mama Dokta, wana haki. Andika unabaki hapa. Si kwa mutoto mumoja, kwa parsele. Ndivyo ulifanya kazi miezi yote saba."

"Mfuko hautakubali tubadilishe siku mbili kabla ya kufunga—"

"Dosie yenu ukurasa wa tisa," Birindwa akamkatiza. "Wanauliza: mradi ukiisha, jamii inabaki na nini? Nilisoma jibu lenu. Maneno mazuri, hakuna kitu ndani. Sasa jibu hili hapa, limevaa kitenge. Kule kwetu Bukavu nina parsele mia moja kama hii. Mukanda wa mutoto mumoja singejua niufanyie nini. Huu najua."

Pascaline akafungua faili juu ya kigoda, akafuta mstari, akaandika upya, akawasomea akina mama kwa sauti. Médiatrice akataka asomewe mara ya pili. Akasomewa. Akapangusa kidole kwenye kanga, akasaini jina lake kwa herufi kubwa. Siti akafuata.

"Bado jambo moja," Mawazo akasema. Akaweka kidole kwenye faili. "Pale mumeniandika mwakilishi wa jamii. Mi sikuwakilisha mutu. Nilipima, nikaandika. Muniandike kati ya watafiti."

Fortunat akainua macho kutoka kwenye kidude. "Muandike," akasema. "Mbele ya jina langu, hata."

"Wanaomba na diploma," Pascaline akasema polepole.

"Andika darasa la sita. Si uongo."

Pascaline akaandika. Birindwa akaomba kalamu, akaweka karatasi kwenye goti, akasaini kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umerudishiwa mkanda, na aliendelea kuutazama hata baada ya wino kukauka, kama mtu anayepanga safari. Fadhila akamwangalia, akangoja, mwisho akachoka kungoja.

"Profesa, utanisamehe," akasema, akinyoosha kiganja. "Leta. Wa Siti alikohoa asubuhi."